Bambo

Pale Kibaigwa, kabla jua halijawa kali,
mnunuzi huchoma gunia kwa bambo:
chuma chenye mfereji, kinaingia kama mdaku
na kutoka na punje thelathini hivi.
Anazitazama kiganjani. Ananusa. Anataja bei.
Gunia zima limehukumiwa kwa punje thelathini.

Hiyo ndiyo kazi yangu, shangazi Nyemo.
Uliponiuliza mwaka juzi ninasomea nini
nilibabaika, nikasema, "Takwimu. Na kompyuta,"
ukaitikia kwa heshima, ukaniongezea mlenda.
Ningesema tu: nashika bambo.

Nalichoma kwenye mvua,
miaka arobaini na mmoja ya mvua ya Kongwa,
madaftari ya kituo, mengine yameliwa na mchwa
palepale Machi ilipotaka kusema jambo.
Nalichoma kwenye damu,
vichupa mia sita na kumi na vinane
vilivyosafiri kwenye barafu kutoka zahanati za milimani.
Nalichoma kwenye vinasaba vya mahindi,
herufi nne tu, bila nafasi wala nukta,
natafuta neno moja linaloufanya mmea
usimfungulie kuvu mlango
hata ukame ukiubana koo.

Usiku mashine inarusha shilingi.
Si mara moja. Mara laki nane.
Kila mrusho unaumba Kongwa nyingine:
Kongwa ambayo mvua ilikata Februari,
Kongwa ambayo haikukata,
Kongwa ambayo mlivuna mapema mkaanika juu ya turubai,
Kongwa ambayo Mahinyila yuko nje, anachonga mpini.
Kisha umeme wa Njedengwa unakwenda, saa saba,
Kongwa zote zinazimika kwa pamoja
na mimi naanza upya.

Asubuhi nikapata jibu.
Chamkoroma, msimu huu: magunia manne kwa kumi
yana sumukuvu kupita kiasi.
Manne. Labda matatu. Labda sita.
Ukitaja namba ukaficha usichokijua,
umesema nusu uongo.

Nikaja kwako na ile "manne"
nimeikunja mfukoni kama risiti.
Ulisikiliza hadi mwisho, hukunikatiza.
Ukainuka, ukafungua stoo.
Magunia kumi, yameegemeana
kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.
"Haya," ukasema. "Yapi?"

Nilikuwa na jibu la wilaya, shangazi.
Nilikuwa na la mkoa, na ramani yake,
wekundu ukikolea kuelekea kaskazini.
Lakini mkoa hauli ugali.

Ukauliza tena, taratibu, ukitazama mlango:
"Na mume wangu? Ni mahindi haya?"
Nikasema, huenda.
Huenda ndilo jembe langu, nalinoa kila siku,
na sijawahi kuliona butu kama siku ile.
Sikukuambia kwamba kwenye jedwali langu
Mahinyila ni mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
mwanamume, arobaini na sita, ini: ndiyo.

Hukungoja uhakika.
Ulitandika turubai, ukamwaga gunia la kwanza,
ukafunga kanga kiunoni, ukaketi.
Punje iliyosinyaa, kando.
Yenye vumbi la kijani, kando.
Iliyotobolewa na mdudu, kando.
Kuku walisogea, ukawafukuza kwa jina la kila mmoja.

"Unahesabu," ukasema, bila kuinua uso.
Kweli nilikuwa nahesabu.
Katika kila mia, mbaya kumi na moja.
Gunia la tatu, mbaya mbili tu,
ukacheka, mara ya kwanza tangu matanga.
Niliandika yote nyuma ya ile karatasi,
na juma lililofuata nikaipa mashine:
"manne" ikasogea kidogo,
upana wa kutojua ukapungua
kama unywele mmoja.

Gunia la saba hatukulimaliza.
Giza liliingia,
na punje zote zikawa na rangi moja.